Chumba Chetu Kimepewa Viwavi

23 Aprili

Leo ni siku ya ishirini na tano tangu niolewe. Nimeanza daftari hili kwa sababu sina wa kumweleza furaha yangu. Nikimweleza mama mkwe ataniona sina haya, na nikimpigia dada yangu simu atacheka mpaka asikike mtaa wa pili. Basi naandika hapa: Tolqin, Tolqin, Tolqin. Kwenye daftari naruhusiwa. Hapa kwao mke hamtaji mumewe kwa jina. Nikimtaka huwa nakohoa kidogo mlangoni, naye hugeuka na macho yake yale yenye kope ndefu kama za mtoto wa ngamia, nami husahau nilichokuja kusema.

Anafundisha jiografia shule ya kijiji. Jioni tulipokuwa tukinywa chai uani alinionyesha upande wa magharibi.

"Nyota yako inazama wiki hii," akasema. Jina langu, Hulkar, ndilo jina la kilimia. "Siku arobaini hutaiona."

"Na mimi utaniona?"

"Nitakuona mpaka unikimbie."

Mungu, nimepewa nini hiki mimi?

24 Aprili

Ameenda shule. Amerudi. Nina furaha.

26 Aprili

Leo furaha imeingia mchanga.

Alikuja Ergash, mume wa dada yake Tolqin, mwenye mabega kama mlango. Kila mwaka huenda Urusi kujenga majumba ya watu. Alikaa kwenye kitanda kikubwa cha uani, mimi nikamimina chai, naye akaanza:

"Mwalimu, ramani ya Urusi unaifundisha kila mwaka. Lini utaikanyaga?"

"Nikiikanyaga mimi, nani atawafundisha watoto?"

"Yule atakayerithi njaa yako!" Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Nafasi ninayo, shemeji. Tunaondoka tarehe kumi na nne Juni. Mwaka mmoja tu. Umeoa sasa. Kipindi cha baridi utachoma nini ndani ya jiko, madaftari?"

Tolqin hakushangaa, nami nikajua kwamba jambo hili si geni kwake. Mshahara wa ualimu unatosha unga, mafuta na chai. Hautoshi makaa, wala jiko letu wenyewe, wala paa linalovuja. Mtaani kwetu kuna maharusi sita wa mwaka jana. Watano kati yao wanaongea na waume zao kwenye simu tu.

Mama mkwe wangu, Bi Sharofat, alikuwa akichambua mchele. Bila kuinua macho akasema, "Ergash, chai yako inapoa. Kuna kazi za kufanya mtu akiwa bado kwake."

Wakazitaja zote. Teksi? Gari hatuna. Masomo ya jioni? Wazazi wa hapa hulipa kwa ahadi na matikiti. Kufuga tombo? Jirani alifuga tombo mia, aliyenenepa ni paka.

"Viwavi wa hariri," mama akasema. "Siku arobaini, basi. Asubuhi anafundisha, mchana anakata majani. Mikono tunayo."

Tolqin akapiga goti lake. "Kilo sitini za vifukofuko vya hariri, shemeji! Zikifika sitini, mimi siendi popote."

"Na zisipofika?"

"Tutaonana kituo cha basi."

Nilimwaga chai kwenye sahani. Hakuna aliyeona ila Tolqin.

28 Aprili

Viwavi wanataka chumba chenye joto, kikavu, kilichopakwa chokaa upya na chenye jiko la makaa. Katika nyumba hii chumba cha namna hiyo ni kimoja tu. Ni chetu.

Asubuhi tuliitoa mifarishi yangu yote ya harusi, ile kumi na nne niliyoshona na mama yangu, tukaipeleka stoo. Pazia la waridi likashushwa. Tolqin alijenga chanja za miti kutoka sakafuni mpaka darini, kumi na mbili, pale pale kitanda chetu kilipokuwa. Sasa mimi nalala chumba cha mama mkwe, yeye analala uani chini ya mzabibu. Bwana na bibi harusi tumetenganishwa na wadudu weusi wadogo kama pilipili manga iliyosagwa!

Nilicheka sana. Mama hakucheka. Akanihesabia miiko:

"Bi harusi, kitunguu hakikaangwi karibu na mlango huu. Hakuna kupiga kelele. Hakuna mafuta ya nywele, hakuna manukato, hakuna mgeni kuchungulia. Majani yenye maji hayaingii. Kiwavi ni kama mtoto wa siku saba. Akichukia, anakufa."

"Ndiyo, mama," nikainama.

Ananiita bi harusi kama mtu anavyotaja cheo cha afisa aliyetumwa na serikali.

29 Aprili

Kukata majani ya mforsadi membamba kama tumbaku. Kulisha. Kukata. Kulisha.

3 Mei

Usingizi wa kwanza. Wameinua vichwa wote na kutulia kama watu wanaosali. Mama anasema watalala mara nne kabla ya kukua, na kila wakiamka wanabadilisha ngozi.

Tolqin naye alilala kwa kukaa, akiwa na kijiko cha mchuzi mkononi. Nilikitoa taratibu. Hiyo ndiyo mara pekee niliyomgusa wiki hii.

7 Mei

Ratiba yetu ya mapenzi: alfajiri nafagia ua, yeye anajifanya amelala nami najifanya simwangalii. Saa moja anaenda shule. Saa nane anarudi, anakula kwa kusimama, anachukua baiskeli na panga, anaenda mferejini kukata matawi. Jioni anarudi na mzigo mkubwa hata simuoni uso. Naona miguu miwili na kichaka.

"Kichaka, umechoka?" nilimnong'oneza jana.

"Kichaka kimekukosa," kikajibu.

Niliishi siku nzima kwa maneno hayo mawili.

10 Mei

Ameniletea chupa ya manukato kutoka soko la Margilan! Ya waridi, ndogo kama kidole gumba, imefungwa kwenye karatasi ya mtihani wa darasa la saba. Aliisukuma chini ya kitambaa cha mkate mama alipogeuka.

"Ya siku ya arobaini," akasema kwa midomo bila sauti.

Nimeificha ndani ya mfarishi wa nane stoo. Naenda kuinusa ikiwa imefunikwa.

12 Mei

Mvua. Tulitandaza majani sebuleni tukayapepea kwa vitabu vya jiografia. Mama alipepea kwa Afrika.

17 Mei

Usingizi wa nne umekwisha. Wameamka weupe, wanene kama kidole, na sasa wanakula kwa namna ambayo sijawahi kuona kiumbe kula. Ukisimama mlangoni unasikia mvua, na nje jua linawaka. Ni meno yao. Hii ndiyo wiki ya ulaji mkubwa: matawi yanaingia mazima, na baada ya saa chache yanabaki mifupa.

Sisi tuna haki ya kukata miforsadi ya mferejini, na jirani yetu Bi Robiya, mjane, ametuahidi mitano yake ya ukutani. "Kateni tu wanangu, mimi nitafuga nani, nzi?" alisema. Mama akampelekea bakuli la mtindi.

Mama hutembea kati ya chanja akihesabu kwa midomo. Leo akasema, "Sitini tutafika. Labda na zaidi." Nilitaka kumkumbatia, lakini mikono yake ilikuwa nyuma.

19 Mei

Sikuweza kuvumilia. Siku nne sasa hatujaongea hata neno. Anaondoka kabla sijamaliza kufagia, anarudi ameisha. Nilikuwa nafua nguo zake, nikalishika lile shati lake la buluu la kukatia majani, nikawaza: angalau awe nami huko mferejini. Nikaenda stoo. Nikalipaka manukato ya waridi kwenye kola, kidogo. Kisha kifuani, si kidogo sana.

Viwavi hawatajua, nikawaza. Shati halilali chumbani kwao.

20 Mei

Siku nzuri kuliko zote tangu tuhamishwe! Mchana mvua ilimkuta njiani, lakini majani hayakulowa. Alikuwa amevua shati lake, akaufunika nalo mzigo mzima, akaja na fulana tu, akitetemeka na kucheka. Mama akamkaripia, "Utapata homa ya mapafu, wewe mtoto!" Yeye akasema, "Wanangu wasile chakula kilicholowa."

Nilipokuwa nayapanga yale majani kwenye chanja tatu za dirishani nilisikia harufu ya waridi. Nikatabasamu peke yangu kama mwehu. Nilihisi kama ameniandikia barua na barua imefika.

21 Mei

Wanakufa.

Chanja tatu za dirishani. Niliingia alfajiri na mvua ile ya meno ilikuwa upande mmoja tu wa chumba. Upande wa pili kimya. Walikuwa wameinua vichwa wakiyumba huku na huku, wengine wanatema maji ya kijani. Kufika saa sita walikuwa wamelegea kama nyuzi zilizolowa. Mama na mimi tuliwazoa kwa karai, mara nne.

Nilijua. Kabla ya karai la kwanza nilikwishajua. Niliokota jani lililobaki nikalinusa.

Mama alikuwa amesimama katikati ya chumba, mkono kwenye shavu. "Nani ameingia humu?" akauliza, lakini hakuniuliza mimi. Akajijibu mwenyewe: "Robiya. Juzi alikuja kuomba sufuria. Alisimama pale mlangoni akasema, 'Lo, wamenenepa hao!' Hakumtaja Mungu. Nilisikia kwa masikio yangu."

Nilifungua mdomo. Wallahi niliufungua.

"Jicho," akasema mama. "Ni jicho."

Nikaufunga.

22 Mei

Mama alienda hadi ukutani na kusema maneno ambayo sikujua anayajua.

"Jicho lako likapasuke, Robiya!"

"Jicho langu lina mtoto wa jicho, hata sufuria yako siioni vizuri!" Bi Robiya akajibu kutoka upande wa pili. "Nimekupa miti yangu, unanipa uchawi?"

"Baki na miti yako!"

"Nitabaki nayo! Na panga la mwanao lisivuke ukuta huu!"

Basi miforsadi mitano imekwenda. Ya mferejini imebaki vigogo, kila nyumba inakata. Tolqin sasa anaendesha baiskeli mpaka kando ya mashamba ya pamba ya mbali kutafuta majani ya mforsadi. Amerudi giza limeingia, na nusu mzigo. Viwavi waliobaki wanatembeatembea juu ya mifupa ya matawi wakitafuta. Nasikia njaa yao. Haina sauti, ndivyo ninavyoijua.

Hakuna mtu mpweke kama mtu mwenye siri ndani ya nyumba yenye huzuni. Mama amenimegea mkate wake leo, akasema, "Kula, umekonda." Ni afadhali angenipiga.

23 Mei

Majani hayakutosha. Sijalala, sijaandika, sina la kuandika.

24 Mei

Nimesema.

Tolqin alikuwa shule. Mama alikuwa akipuliza moto wa tanuri, machozi yakimtoka kwa moshi, au nilidhani ni moshi. Kumbe alikuwa analia. Akafuta uso haraka.

"Ataenda," akasema. "Baba yake naye alienda kutafuta. Alirudi ndani ya sanduku. Nilidhani nimepata njia ya kumzuia huyu."

Nilipiga magoti palepale kwenye unga.

"Mama, si Bi Robiya. Ni mimi."

"Wewe nini?"

Nikamweleza yote: chupa, kola, kifua, mvua, majani. Nilimweleza mpaka mfarishi wa nane. Yeye alikuwa ameshika donge la unga, halisogei. Nilingoja aniambie nirudi kwetu.

"Ulilipaka shati," akasema taratibu. "La mume wako. Wa kwako mwenyewe. Anayelala hatua kumi na mbili kutoka ulipo."

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini?"

"Nilimkosa."

Mkate mmoja ndani ya tanuri ulianza kuungua, naye hakuutoa, na mama mkwe wangu haunguzi mkate. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia tena. Alikuwa anacheka, kicheko kikavu, kibaya, kama mlango ambao haujafunguliwa miaka mingi.

"Mimi namtafuta mchawi mtaa mzima, kumbe ni mapenzi!" Akaacha ghafla, akanitazama vikali. "Ulininyamazia siku tatu. Hilo ndilo kosa. Shati ni ujinga, na ujinga wa bi harusi unasamehewa. Lakini ulimwacha Robiya alale na jina la uchawi."

"Najua, mama."

"Chukua mkate. Huo usioungua. Twende."

Bi Robiya alitufungulia mlango nusu. Mama, ambaye sijawahi kumwona akiinama kwa mtu, aliinama. Nami nikasema tena yote, safari hii nikiwa nimeona haya mpaka kwenye vidole. Bi Robiya alisikiliza, akachukua mkate, akaunusa.

"Huu hauna waridi?" akauliza.

"Hauna, Bi Robiya."

"Maana mimi nina chanja moja tu." Akajipiga tumbo. Halafu akafungua mlango wote. "Sharofat, miaka thelathini tunaazimana chumvi, ukaona nina jicho leo? Kateni miti. Lakini wewe, mke wa mwalimu, utakata mwenyewe, nikikuona."

Nilikata mpaka viganja vikachubuka. Jioni tulisikia mvua tena chumbani, nyembamba, lakini mvua.

25 Mei

Shule imefungwa. Nilimwambia Tolqin uani, mama akiwa amekaa makusudi si mbali wala si karibu.

Aliangalia viganja vyangu vilivyochubuka. Kisha akasema, "Kule mferejini nilisikia waridi. Nikajua ni shati, Hulkar. Nilijua, na bado nikayafunika majani nalo. Niliona mvua tu."

Basi tulikuwa wawili. Sijui kwa nini hilo liliniliza kuliko lawama.

28 Mei

Wanapanda kwenye matita ya vijiti vikavu na kuanza kujifunga. Kila mmoja anatikisa kichwa huku na huku, anajijengea chumba chake, anajifungia ndani. Naangalia na kuona wivu. Chumba chake!

4 Juni

Tumevichuma vifukofuko, vyeupe, vyepesi kama maneno. Vya chanja zilizokosa majani ni vyembamba, ukivibonyeza vinabonyea. Tolqin alivipeleka kituo cha kupokea hariri kwa mkokoteni wa jirani.

Kilo thelathini na nne.

Alisimama langoni akaonyesha kwa vidole: vitatu, kisha vinne.

6 Juni

Ergash alikuja na tikiti maji la kwanza la mwaka na uso wa mtu aliyeshinda bila kufurahi.

"Sisemi nilikwambia," akasema.

"Usiseme," Tolqin akajibu. "Lakini mimi nilisema sitini nabaki. Sasa nimepata zaidi ya nusu. Basi nitaenda chini ya nusu mwaka. Nitaenda likizo ya shule tu. Tarehe mosi Septemba niko darasani."

"Miezi miwili na nusu? Nani huenda Urusi miezi miwili na nusu? Watakucheka!"

"Na wacheke. Makaa yamekwisha kununuliwa na viwavi. Limebaki paa."

Ergash alinitazama, akatikisa kichwa, akakata tikiti. "Kweli mwalimu. Hata kuondoka anaondoka kwa ratiba."

8 Juni

Chumba kimerudi kwetu. Tulikifagia, tukapaka chokaa, tukairudisha mifarishi. Tuna siku sita. Nimekaa nikihesabu: siku arobaini nilizipigania ili asiende, na katika hizo nimekuwa naye saa ngapi? Sitaki kuhesabu. Siandiki mpaka zipite. Siku hizi sita si za daftari.

14 Juni

Aliniamsha alfajiri, kabla ya mwangaza. Begi lilikuwa langoni. Alinishika mkono hadi katikati ya ua na kunielekeza mashariki, juu kidogo ya ukuta wa Bi Robiya. Pale palikuwa na kitu kidogo, kama vumbi linalong'aa.

"Nyota yako imerudi," akasema. "Nilikwambia siku arobaini. Imechelewa kidogo."

"Na wewe ukichelewa?"

"Mimi nina kengele ya shule."

Mama alimpa mikate miwili. Kama ilivyo desturi alimwambia aume mmoja, aurudishe. Tumeutundika ukutani, una alama ya meno yake, utamngoja aje aumalizie. Ergash alipiga honi. Nikakohoa kidogo langoni, kama ninavyomwita siku zote. Akageuka. Alikuwa amevaa shati la buluu.

Kisha ua ulikuwa mtupu na ulikuwa haujafagiliwa.

Jioni

Nimekaa chumbani kwetu. Kimya chake ni kikubwa, nilizoea mvua ile. Mwakani sanduku la viwavi kutoka kituoni litaandikwa kwa jina langu, nimeshamwambia mama, na chupa nyingine ya manukato ikija itakaa kwa Bi Robiya kwa kufuli.

Lakini leo hakuna mwiko. Kitunguu kinaweza kukaangwa mlangoni. Ninaweza kuimba. Niliitoa chupa, nikajipaka waridi shingoni, mikononi, nyuma ya masikio, manukato yote yaliyobaki. Nikakaa kwenye mfarishi wa nane. Hakuna wa kuyanusa.

Mlango ukafunguliwa bila kubisha. Mama alikuwa amebeba godoro lake begani.

"Unanukia mpaka tanurini," akasema. Akalitandika godoro chini ya dirisha, pale zilipokuwa chanja tatu. "Sogea kidogo, mwanangu. Chumba hiki ni kikubwa mno kwa mtu mmoja. Mimi najua."